Mawe Matano ya Fausta

Mwezi uliopita nilipita Mbinga kikazi, msimu wa kuchuma kahawa. Gari lilipopunguza mwendo ikaingia ile harufu ya maganda yaliyochacha, tamu kidogo halafu kali puani. Wenzangu wakapandisha vioo. Mimi nikateremsha changu, maana harufu ile iliniharibia urafiki wa pekee niliokuwa nao utotoni, na bado naipenda.

Baba alikuwa afisa uvuvi. Mama alibaki Kondoa akimuuguza bibi, mimi na baba tukapelekwa Tingi, milimani hukohuko Mbinga, ambako watu walishangaa bwana samaki amekuja kuvua nini kwenye kahawa. Kazi yake ilikuwa kijito kilichopita chini ya nyumba yetu. Zamani kilikuwa na samaki wake wa asili, wadogo kama kidole, wenye mstari mweusi ubavuni. Sasa maji machafu ya kuoshea kahawa yalimwagwa humo, mawe yakafunikwa na utelezi, samaki wakakosa pa kutagia. Baba alizunguka nyumba kwa nyumba akiwaomba watu wachimbe mashimo ya kumwagia maji hayo. Walimjibu kwa adabu, "Tumesikia, Bwana Samaki," kisha wakaendelea kumwaga. Watu wanaolima ngoro, mashimo mteremko mzima, walikuwa wamegoma kuchimba shimo moja tu. Baba alilicheka jambo hilo mezani, peke yake.

Nilikuwa na miaka tisa. Kimatengo sikukijua, na watoto shuleni walicheza kwa Kimatengo. Ni Fausta tu aliyenisogelea. Alinifundisha mdako: unachimba kishimo, unaweka mawe manne ndani, unarusha la tano juu na kuyachota yale mengine kabla halijashuka. Mawe yenyewe niliyaokota mimi kijitoni, nikampa ayatunze.

Jioni moja baba aliniuliza nimeshindaje. Nikamweleza yote, kwa furaha ya mtu aliyepata cha kueleza: tumecheza, tumekula mihogo, tumemsaidia mama yake Fausta kubeba ndoo za maji ya kahawa hadi kijitoni. Baba akaacha kula. Kesho yake mama yule aliitwa ofisi ya kata, akasemwa mbele ya watu.

Nilipokutana naye njiani nilimwamkia, "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu," alijibu bila kusimama. "Msalimie baba. Mwambie shimo nimechimba."

Fausta hakuja tena. Darasani alihamia dawati la mbele na hakugeuka. Sijawahi kuwa mpweke kama miezi ile. Nilishuka kijitoni kila siku, nikaongea na maji. Nyumba nyingine nazo zikachimba, kwa kuwa hakuna aliyetaka kuitwa kama mama Fausta. Mvua zikaja, zikasugua mawe, na Jumamosi moja asubuhi nikawaona: samaki sita au saba, wenye mstari, wametulia wakielekea mkondo unakotoka. Niligeuka niseme "tazama", nikakuta hakuna mtu.

Nikakimbia kumwita baba. Mlangoni nikayakuta mawe yetu ya mdako. Nilichoelewa ni kwamba Fausta amenirudishia changu, tumemalizana. Baba sikumwita tena. Niliyazoa, nikarudi kijitoni, nikayatupa moja moja huku nalia, na samaki wakatawanyika. Mwaka uliofuata baba alihamishwa, tukaondoka bila mimi kumuaga Fausta.

Miaka mingi baadaye nilikuwa nimechuchumaa uwanjani nikimfundisha binti yangu mdako. Nilichimba kishimo, nikapanga mawe, na mkono wangu ukasimama. Mawe ya mlangoni kwetu hayakuwa yametupwa pale ovyo. Manne yalikuwa ndani ya kishimo kipya, kilichochimbwa asubuhi ileile kwenye udongo mbichi, na la tano lilikuwa kando, upande wa mlango. Fausta alikuwa ameniachia nianze mimi.