Jadak Azikwe Wapi

Harufu ya mnyaa uliokatwa hunipandisha hasira hadi leo. Ua wa boma letu kule Nyatike, karibu na Sori, ulikuwa wa mnyaa mtupu. Baba alitoka kisiwani Rusinga, ambako shamba la kwao halikuwatosha ndugu wote. Rafiki yake wa uvuvi, baba yake Ochola, ndiye aliyemkaribisha. Siku ya kuanzisha boma, mwenye ardhi huyo alitangulia alfajiri, akampa baba jogoo, akachimbia nguzo ya kwanza ya nyumba kwa mikono yake. Mtu aliyepokelewa hivyo sisi Wajaluo humwita jadak, na nilikua nikijua maana yake: ardhi si yake kuuza, lakini akisimamishiwa boma na mwenyewe, hafukuzwi, na akifa huzikwa humo.

Rafiki yule alikufa kwanza. Baba alipomfuata nilikuwa darasa la tano. Vijana walichimba kaburi upande wa kulia wa nyumba ya mama, na lilikuwa limefika kiunoni Ochola alipokuja na panga, akaanza kuukata ua huku maziwa ya mnyaa yakimtiririka mikononi. Alijua kwamba baba akilala pale, hakuna atakayetung'oa. "Jadak hazikwi hapa," akasema. "Mpelekeni kwao." Mama alitoka ndani taratibu. "Ochola mwanangu, nguzo hii aliichimbia baba yako. Na jogoo tulipewa naye." Ochola akajibu, "Jogoo mlishamla, mama." Kuna watu walicheka, matangani.

Chifu aliyeitwa kuamua alikuwa mgeni wa mila zetu. Akauliza kwa Kiswahili, mbele ya wote, jadak ni nani. "Ni mpangaji tu, chifu," Ochola akasema. Majirani walioijua maana, waliokula kwetu na kuazima majembe yetu, waliinamisha vichwa. Sijawasamehe. Uongo ulikuwa wa mtu mmoja, lakini ukimya ule ndio uliotuhamisha.

Baba alivushwa hadi Rusinga, akazikwa kando ya watu waliokuwa wamemsahau. Kaburi lililochimbwa haliachwi tupu, kwa hiyo mama alikata shina la mgomba, akalilaza shimoni na kulifukia peke yake. Kisha tukahamia Homa Bay, kwa dada yake.

Leo naishi mjini Migori, na neno jadak nalisikia sokoni likirushwa kama tusi. Wanaolirusha hawajui kwamba lilikuwa ahadi, tena ahadi iliyomfunga mwenye ardhi kuliko mgeni. Juzi nilipita kule kwetu. Nyumba haipo, ua haupo, mahindi yamefika barabarani. Ila mahali pamoja pana magugu marefu, na trekta la Ochola hupazunguka kila msimu. Maiti ya baba aliifukuza mchana kweupe. Shina la mgomba analiogopa.