Meza ya Treni ya Mkwe Wangu

Mkwe wangu, baba yake mke wangu, alikuwa dereva wa treni mpaka siku reli ya Mtwara ilipong'olewa. Wenzake walilalamika mji mzima, yeye alinyamaza. Miaka michache baadaye alinifuata karakanani kwangu Magomeni na treni ndogo ya kuchezea, ya kutia ufunguo, sandukuni, zawadi ya bosi wake aliyerudi Ulaya. Alitaka meza ya kutandazia vireli vyake. Jicho moja lilishakufa, la pili lilikuwa likififia, na alitaka aione ikienda kabla giza halijamfika.

Sasa jamani, ukwe ni ukwe. Mie na ulimi wangu huu, mbele yake nilikuwa bubu. Sikumuuliza hata urefu wa miguu ya meza. Nikaunga fremu ya mninga, nikapanga chaga kama za kitanda, juu nikapigilia mbao. Kimo nikaweka cha meza ya kulia chakula.

"Kazi nzuri, mkwe, ahsante sana," akasema.

Wiki iliyofuata nilimkuta kapiga magoti sakafuni, shavu ukingoni mwa meza, treni ikimpita jichoni. Aliponisikia akajifanya anatafuta kofia, nayo iko kichwani.

Nilipomsimulia mke wangu, alicheka, kisha akawaka. "Wewe humuulizi, Baba hakwambii. Haya, heshimianeni hivyohivyo mpaka jicho lifumbe!"

Lilinichoma neno lile. Kesho yake nikaenda na futi. "Shikamoo, baba. Naomba ukae kitini." Nikapima kutoka sakafuni hadi chini ya jicho lake, nami sijapata kumkaribia vile. Nikachonga miguu mipya, mirefu, nikaifunga kwa mbao za mshazari isiyumbe.

Treni ikampita usoni mara tatu. Kisha akasema, "Kiungo cha meza upande wa mlango kimeshuka."

Nikaweka pimamaji kupima usawa. Lo! Kipovu kimehama kiasi cha unywele. Mie fundi nisione, yeye kasikia kwa magurudumu tu! Nilikoma.

"Mbona siku ile hukuniambia, baba?"

"Siku ile ulikuwa mkwe," akasema. "Kaza hapo, mwanangu, halafu tia ufunguo tena."

Jicho la pili nalo lilifumba kabla ya mfungo. Aliendelea kukaa kwenye kiti kilekile, mimi nikimtilia ufunguo, na kiungo kikilegea aliniambia papo hapo, bila kunionea haya.