Sauti ya Binti wa Jirani

Tulihamia Babati wakati mkoa wa Manyara ulipokuwa mpya kabisa. Mume wangu alikuwa amehamishiwa ofisi za mkoa, nazo zilikuwa bado kwenye majengo ya kuazima, watumishi wakigombea meza. Tulipata vyumba viwili Maisaka, nyuma yake shamba la mbaazi. Sikuwa na ndugu pale wala rafiki. Mume akishaondoka, nilibaki na redio na kuku wa jirani.

Asubuhi moja nikasikia mtu anaimba upande wa pili wa ua. Nilisimama na ufagio mkononi mpaka wimbo ukaisha. Msichana akachungulia, mikono imejaa majivu ya kusugulia masufuria.

"Shikamoo dada. Nimekuamsha?"

"Marahaba. Nilikuwa macho."

"Wewe unaimba sauti gani?"

Aliuliza kana kwamba kila mtu duniani lazima awe nayo. Nikamwambia siimbi. Akasema Jumamosi nijiandae, atanipitia twende mazoezini kanisani, na kama sauti ya kwanza itanishinda nitaimba ya pili.

Ndivyo nilivyoingia kwaya. Yeye alikuwa na miaka ishirini na kidogo, mwembamba, meno yake yana ukahawia kama ya wengi waliokulia maji ya huku. Akicheka aliyafunika kwa kiganja. Akiimba alisahau kabisa kuyafunika.

Mwaka uliofuata kwaya yetu ilikwenda Arusha kurekodi kanda. Wimbo alioongoza yeye ulimhusu yule mwanamke wa Biblia aliyehangaika jikoni wakati mdogo wake ameketi kusikiliza maneno ya Bwana. Wahubiri wengi humkemea mwanamke yule. Katika wimbo wetu aliambiwa aache vyombo, apumzike, wengine wataosha. Wanawake waliupenda mno. Kuna mahali katikati ya mstari alipokuwa anakatisha sauti, ananyamaza kidogo, halafu anaendelea. Watu walipafanya pale pawe pao. Wasichana wakiteka maji walipaiga hivyo hivyo.

Kanda ikapigwa kwenye mabasi ya Singida, kwenye saluni, kwenye maduka ya stendi. Mwenye duka tulilonunua sukari alikuwa Mwislamu, mzee ambaye wazazi wake walitoka pwani. Aliniambia, "Mimi kaswida ndizo zangu. Lakini huyu mtoto, akianza, siwezi kumzima." Sokoni wauza nyanya walimwongezea fungu. Wasichana wa kijiji cha Nakwa walikuja kanisani kwetu kumtazama tu. Yeye alifurahi bila kujificha. Alikuwa akiniita uani na kuninong'oneza, "Dada, wamenitambua tena. Nimeuliza tu bei ya chumvi."

Sikugundua mapema kwamba anaumwa. Niliona anasimama njiani tukipanda kwenda kanisani, anajifanya anafunga kiatu. Baadaye miguu ikaanza kuvimba. Mama yake, aliyekuwa akiuza mboga na kuzungumza Kiswahili chenye lafudhi nzito ya Kigorowa, alimpeleka hospitali. Daktari akasema ni moyo, umeharibika tangu utotoni. Alihitaji upasuaji ambao wakati ule haukuwa unafanyika karibu. Tukaanza kusubiri, na wakati tunasubiri akaendelea kuimba, kwanza amesimama, kisha ameketi kwenye kiti alicholetewa na mwalimu wa kwaya.

Siku moja nilikuwa namsuka nywele kwenye mkeka. Nikamwomba anifundishe pale mahali pa kukatisha sauti, maana nimejaribu nimeshindwa. Akacheka, kiganja mdomoni.

"Pale hakuna cha kufundisha, dada. Pale pumzi ilikuwa imeniishia."

"Unatania."

"Studio niliishiwa. Nikanyamaza, nikavuta nyingine, nikaendelea. Mwalimu alitaka turudie, yule fundi wa mitambo akasema acheni, ni nzuri." Akageuza kichwa nimalizie upande wa pili. "Na ni nzuri kweli. Sasa naifanya kwa kupenda."

Nikaendelea kusuka.

Alifariki alasiri, masika, mama yake akiwa amemshika miguu na mimi nimekwenda kumletea uji. Niliporudi na chupa ya uji mama alinitazama tu, nikakaa karibu yake. Tulimzika kijijini Sigino, kwenye ardhi ya babu yake. Kwaya za madhehebu yote zilikuja. Mwenye duka alifunga duka, akaja na wenzake, wakasimama nyuma ya waombolezaji na kofia zao. Kila kwaya iliimba isipokuwa yetu. Mwalimu aliinua mkono kutuanzishia, mkono ukabaki juu, akaushusha.

Baada ya hapo mji ukafanya mambo mawili kwa wema, na yote mawili yakamuumiza mama.

La kwanza lilikuwa jina. Huku kwetu mama huitwa kwa jina la mtoto wake wa kwanza. Watu wakaanza kumwita kwa jina la binti yake wa pili, aliyekuwa sekondari, wakidhani wanamwepushia uchungu. Akawa haitiki. Siku moja jirani alimwita hivyo mbele yangu, akamjibu kwa upole, "Huyo ni wa pili. Wa kwanza nilimzaa mimi. Amekufa, lakini hajaacha kuwa wa kwanza."

La pili lilikuwa ule wimbo. Mama akipita, mji mzima ulinyamaza. Nikitembea naye kuanzia sokoni hadi stendi sikuusikia popote. Mama aliniuliza tukichambua mchicha, "Mbona wamemsahau haraka hivi?"

"Hawajamsahau, mama. Wakikuona unakuja wanazima. Wanaogopa kukuliza."

Aliweka mchicha chini. Akajifunga khanga yake vizuri, akasema twende dukani. Tulipokaribia nikasikia sauti ya binti yake ikitoka, nyembamba, kisha kitufe kikabonyezwa, kimya. Mwenye duka akaanza kupanga sabuni zilizokuwa zimeshapangwa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mama. Pole na siku."

"Nimeshapoa. Niwekee mwanangu."

Mzee alinitazama mimi kwanza. Nikaitikia kwa kichwa. Akabonyeza. Wimbo uliendelea kutoka pale ulipokatishwa. Mama aliegemea kaunta, macho ameyafumba, na mahali pa kunyamaza palipofika niliona yeye mwenyewe amebana pumzi, akaiachia binti yake alipoendelea. Alilia, ndiyo. Mzee naye alijifuta macho kwa kofia yake. Wimbo ulipoisha mama alinunua kiberiti, akashukuru, akasema, "Msimzime tena. Nikilia, acheni nilie."

Habari ilienea, kama habari za Babati zinavyoenea. Wiki hiyohiyo mabasi yakaanza kuupiga tena hata mama alipokuwepo, na watu wakarudi kumwita kwa jina la binti yake wa kwanza.

Sisi tuliishi Maisaka miaka mingi baada ya hapo. Kanda zikaondoka, zikaja simu, na vijana wakaurusha ule wimbo simu hadi simu bila kujua aliyeimba ni nani. Wengine waliniambia ni dada wa Dodoma. Sikubishana nao sana.

Yule binti wa pili hana sauti hata kidogo. Akawa mwalimu wa hisabati. Likizo moja alikuja kwao, tukaketi uani kwa mama yake tunamenya viazi, maji yakiwa motoni. Akasema, "Mwaka huu nimempita dada umri. Sasa ukihesabu, mimi ndiye mkubwa."

"Unajisikiaje?"

"Namwonea huruma. Nikimsikiliza zamani nilimsikia dada yangu. Sasa namsikia kasichana." Akachukua kiazi kingine. "Natamani kumwambia akae chini, mimi nitaosha vyombo."

Ndani mama yake alikuwa anaita, anataka kujua kama maji yamechemka.