Kizunguzungu cha Bi. Mwanakheir

Mama yangu mdogo, Bi. Mwanakheir, alisomesha Kurani ukumbini kwake Malindi. Watoto ishirini na wanne, kila mmoja akipaza sauti na sura yake, na yeye kainama anasuka ukili. Ukikosea tu: "Rudi nyuma, we Jaku!" Wala hainui kichwa. Mume hakuwa naye. Masikio yale ndiyo yaliyokuwa yakimlisha.

Mwaka hamsini na nne akaanza kutema damu. Chuo chake cha Kurani kikafungwa. Hospitali wakampa dawa mpya ya kifua kikuu, sindano kila asubuhi, na mimi, Wanu, ndiye niliyekuwa nikimpeleka. Alhamdulillahi, damu ikakata na mwili ukarudi.

Mwezi wa pili wa sindano akaanza kupepesuka. Vichochoro akivipita kwa kushika kuta za pande mbili. Kaka yake, Mjomba Msabah, bingwa wa kujua asichokijua, akamtazama mara moja tu: pepo.

"La hospitali la hospitali, la pepo letu," akanambia. "Ukimtajia yule nesi wa sindano watamkatia dawa. Wataka afe?"

Nesi alikuwa akiuliza kila Jumatatu. "Kizunguzungu hana? Masikio hayamlii?"

"Hana," nikajibu. Bi. Mwanakheir alikuwa kando yangu, kashika meza. Alinyamaza, kwa kuwa kaka yake alishasema.

Tukampeleka kwa mganga mmoja huko Kidichi. Ubani, ngoma, chano cha halua na mayai. Alipoinuliwa aliyumba vizuri mno, wanawake wakapiga vigelegele: pepo kapanda!

"Nani wewe? Taja jina lako!" mganga akamuuliza. Kimya. Akarudia kwa ukali. Kimya. Akatwambia pepo huyu ana kiburi, anataka mbuzi.

Mimi niliyaona macho yake yakifuata midomo ya mganga. Nikamwita kwa nyuma, "Mama mdogo!" Hakugeuka. Nikapiga kofi karibu na sikio lake. Hakushtuka. Nilitamani ardhi inimeze.

Kesho yake nikamwambia nesi yote. Akaketi.

"Sindano hii huweza kuua masikio, na kizunguzungu ndicho kilichotangulia," akasema. "Mngenambia wiki ile ya kwanza tungeipunguza dawa. Sasa masikio hayarudi."

Mficha maradhi kifo humuumbua, wasema. Kwetu kifo hakikuja; kifua chake kizima mpaka leo. Watoto wamehamia chuo chengine. Mjomba bado anasema ni pepo, tulimnyima mbuzi wake. Na mama mdogo huniuliza, kwa sauti kubwa kupita kiasi, ni lipi alilomkosea Mungu.

Herufi za Kiarabu anazisoma. Mimi mwenyewe kanifundisha yeye. Kila siku namwandikia ubaoni: chakula tayari, wageni wamekuja, Bi. Tabia kafariki. Lile la nesi sijaliandika.