Nani Anambeba Huyu?

Siku yangu ya kwanza kazini, katika zahanati ya kijiji kule Mgori, sikushika hata pamba. Nilikuwa nimemaliza darasa la saba na mafunzo mafupi ya uhudumu wa afya, na moyoni niliamini wamenichukua kwa makosa. Mganga mfawidhi, yaani mkuu wa zahanati, alinikalisha kwenye benchi katikati ya akina mama waliokuja kliniki.

"Leo kazi yako ni masikio," akasema.

Alitaka nijue kifaduro kwa kukisikia. Kikohozi chake huja kwa mafungu, kimoja juu ya kingine, mtoto asipate nafasi ya kuvuta hewa. Kikiachia, anavuta pumzi kwa mlio mwembamba, na mara nyingi anatapika. Hapakuwa na mgonjwa wa kifaduro siku ile, kwa hiyo mganga akaanza kukohoa yeye mwenyewe kunionyesha, mpaka macho yakamtoka.

"Jamani, mpeni daktari maji, kapaliwa!" mama mmoja akapiga kelele.

"Sijapaliwa, mama. Nafundisha."

"Basi fundisha taratibu, usije ukatufia na bado hatujapima watoto!"

Benchi zima likacheka. Mimi nilicheka kidogo tu, maana nilikuwa naogopa nitasahau. Halafu akaniambia jambo ambalo wakati ule nililiona la maongezi tu. Alisema kichanga huenda asikohoe kabisa. Anaweza kuacha kupumua kwa muda, midomo ikabadilika rangi. "Kwa hiyo mama akileta kichanga, usiishie kuuliza kama anakohoa. Uliza nani anambeba."

Mgori nilikaa miaka mingi. Nilisindikiza huduma ya mkoba, yaani kuwafuata watoto vijijini na chanjo ndani ya kasha la baridi, na kila mahali niliuliza lile swali. Majibu yalikuwa ya kawaida: bibi yake, shangazi yake, mimi mwenyewe. Nilianza kudhani nauliza kwa mazoea.

Kisha nikahamishiwa Mkiwa, pale njia panda. Mkuu wetu alikuwa tabibu, mwanamke mwenye sauti kubwa, ambaye hakupenda nilivyoongea kwa kujikunyata. "Wewe unauliza au unaomba msamaha?" aliniambia wiki ya kwanza. Niliumia, lakini nikipima kwa haki, alikuwa sahihi, na hakuwahi kunisema mbele ya wagonjwa.

Asubuhi moja alikuja Mama Zuhura, muuza kuku wa kituo cha mabasi, kumpima mwanawe Idi. Mtoto alikuwa hajafikisha wiki sita, umri wa kuanza sindano za paja zinazokinga kifaduro na maradhi mengine. Mama mkwe wake alikuwepo, na binti yake mkubwa, Zuhura, wa miaka kumi na mitatu.

"Nani anambeba huyu?" nikauliza.

"Dada yake. Mimi nitambebaje na huku nakimbizana na mabasi?"

Zuhura alikuwa amegeukia ukutani, khanga mdomoni, anakohoa. Kikohozi hakikuisha. Kilipoachia alishika magoti.

"Hilo ni vumbi tu," bibi yake akasema. "Tunapepeta alizeti nyumbani."

Bibi hakusema uongo. Msimu ule nusu ya kijiji ilikuwa inakohoa vumbi, mimi nikiwemo.

"Tena huyu kachanjwa zote utotoni," mama akaongeza.

Hilo nalo lilikuwa kweli. Nilisimama pale nikijiuliza mimi ni nani wa kubishana na mambo mawili ya kweli. Mwishowe nikaingia kwa tabibu.

"Nimesikia kikohozi. Labda nimekosea."

"Ukikosea tutamshukuru Mungu. Walete."

Hawakuwa wameketi vizuri Idi alipoacha kupumua. Hakulia wala hakukohoa, midomo ikawa kama zambarau. Tabibu alimgeuza, akamfuta makamasi, akamsugua mgongo, akampa hewa kwa kipulizio cha mkono mpaka tukasikia kilio chembamba. Nje kulikuwa na gari la vitunguu. Dereva aliwashusha abiria wake wa mbele, akawapeleka mama, mtoto na tabibu hospitali.

Bibi yake akaenda nyumbani kufungasha nguo, Zuhura akabaki na mimi.

"Bibi, nimemuua?" akaniuliza.

"Hapana. Anapumua, na yuko njiani kwenda kutibiwa."

"Lakini mimi nilichanjwa."

Nikamweleza kadiri nilivyojua. Kinga ya utotoni hupungua taratibu, kama rangi ya khanga inavyochujuka. Khanga bado ni khanga, ila si ya siku ya kwanza. Kijana hukohoa wiki nyingi, anaenda shule, anabeba mdogo wake, na kila mtu anasema vumbi.

Hospitali walithibitisha ni kifaduro, wakamtibu Idi, akapona. Nyumba nzima ilipewa dawa. Lakini mtoto aliporudi, Zuhura alikataa kumgusa. Tabibu akamwita.

"Umemaliza dawa?"

"Ndiyo."

"Basi mbebe. Mgongo wako hauna kosa."

Tabibu aliniambia zipo nchi ambako vijana wa umri ule huchanjwa tena, dozi ya kuongeza nguvu. Katika miaka yangu sikuiona. Nilipomalizia kazi Mwankoko, kituo changu cha mwisho, tuliwapelekea wasichana shuleni chanjo ya saratani ya mlango wa kizazi, nao walisukumana kwenye foleni, kila mmoja akimtanguliza mwenzake. Niliwaza kwamba ya kifaduro nayo ingekaa vizuri hapo. Mipango ya wakubwa siijui, huenda wana sababu zao. Ninyi mnaoanza kazi, ulizeni, maana mambo hubadilika.

Sasa nimestaafu, nakaa hapa hapa Mwankoko. Nawashukuru wakuu wangu wote, hata nilipoogopa sauti zao.

Majuzi nilisikia Zuhura, aliyeolewa mtaa wa pili, amejifungua. Nikaenda kumpa hongera. Idi, mvulana wa shule sasa, alikuwa amekuja kumtazama dada yake, akakimbia kunifungulia mlango.

"Shikamoo, bibi," Zuhura akasema kutoka kitandani.

"Marahaba, hongera ya uzazi. Haya, nipe mjukuu wangu."

Hakumtoa. Alimsogeza kifuani.

"Samahani, bibi. Unakohoa?"

"Kidogo tu. Si unajua, vumbi la alizeti."

Hapo masikio yangu yakasikia nilichosema. Zuhura aliniangalia, halafu akaanza kucheka, nami nikacheka mpaka nikakohoa kweli.

"Idi," akasema, "mwekee bibi kiti pale mlangoni."

Nikakaa mlangoni. Zuhura akamgeuza mtoto, akamfunua khanga usoni, na kutoka pale nilimwona vizuri kabisa.