Lori Halikuwa la Kijani

Wapo watu ambao nikiwahadithia kisa hiki hucheka, na mimi siwazuii. Lakini nilikuwepo, macho makavu, saa saba mchana, jua limesimama utosini. Sikuwa nimelala wala sikuwa na homa. Kama unataka kusema nilisinzia kwa joto la mabati, sema sasa hivi, kisha uniache nimalize.

Vita vya Kagera vilikuwa vimekwisha, na mjini kila kitu kilikuwa foleni. Sabuni foleni, unga foleni, hata kiberiti. Baba na mama walitutoka wakipishana miezi minne tu. Mimi ndiye mkubwa. Niliacha shule darasa la sita nikabaki na wadogo zangu watatu, Beata, Fidelis na Kasiani, ambaye ndiyo kwanza alikuwa anang'oka meno ya mbele. Tulikaa chumba kimoja Ilala. Baba mdogo akatuma ujumbe kutoka Masasi kwamba Jumapili inayofuata angekuja kutugawa: Beata kwa shangazi Lindi, Fidelis kwake, na Kasiani kwa mtu ambaye hata jina lake sikulijua. "Mwambieni," aliagiza, "mtoto wa kike hawezi kulea wenzake kwa kupaka rangi makopo."

Na kweli nilikuwa napaka rangi makopo. Pale Gerezani, hatua chache kutoka soko la Kariakoo, alikuwepo Fundi Kibwana, Mzaramo mwenye mkono mwepesi kuliko fundi yeyote niliyewahi kumwona. Alikata makopo ya mafuta na ya maziwa akaunda magari madogo, marefu kama mkono toka kiwiko hadi vidole: malori, landirova, vifaru. Tairi alizichonga kwenye kandambili zilizochakaa. Si magari ya kuburutwa na watoto kwa kamba, la. Yalikuwa ya kuwekwa kabatini na watu wanaoyapenda. Yeye aliunda, mimi nilipaka rangi.

Aliyeyapenda kuliko wote ni Bwana Manilal, Mhindi mwenye duka la vipuri katikati ya mji. Ofisini kwake kulikuwa na kabati la vioo lililojaa magari ya vita vya Wazungu, aliyoyakusanya tangu ujana wake. Alinionyesha moja moja. Hili lilipigana jangwani, ndiyo maana lina rangi ya mchanga. Hili lilipigana kwenye theluji, wakalipaka chokaa juu ya kijivu, na chokaa ikatoka kwenye kona ambapo askari walikuwa wakipanda. Gari lenye rangi ya uongo hakulikubali. Safari moja alinirudishia landirova nzima kwa sababu ya mlango mmoja tu. Fundi Kibwana alikasirika, mimi nikamheshimu zaidi. Ni nani mwingine katika mji huu aliyekuwa akijali mlango wa landirova ya kopo?

Sasa safari hii alitaka lori lake mwenyewe. Wakati wa vita malori mengi ya watu yalichukuliwa kubeba askari na chakula, na lake la tani saba lilikwenda pamoja na dereva na utingo wake. Lori halikurudi, wala dereva. Alirudi utingo, Sefu, akichechemea, na Bwana Manilal akampa ulinzi wa duka. Sefu hakuwa mtu wa kuulizwa habari za vita. Ukimuuliza, alikuwa anainuka na kwenda kufagia mahali palipokwisha fagiliwa. Kilichobaki ni picha moja iliyokuja kwa posta, nyeusi na nyeupe, lori limesimama kando ya migomba.

"Binti," Bwana Manilal aliniambia, "nalitaka lilivyokuwa siku ya picha hii. Sefu hataki kusema, lakini macho anayo. Jumamosi nitaliweka mbele yake. Akiligeuzia kisogo, utaondoka nalo. Akilikubali, yako mengine kumi na moja ya vita hivi hivi, kazi ya mwaka mzima. Na huyo baba yako mdogo uliyenieleza nitazungumza naye mimi."

Kwa hiyo unaelewa nilikuwa nimebeba nini. Halikuwa lori lile. Walikuwa Beata, Fidelis na Kasiani.

Basi nikalipaka kijani. Wewe ungelipaka rangi gani? Kila mtu wa Dar alishaona magari ya jeshi yakipita kwenye gwaride, na yalikuwa ya kijani. Pichani lori lilikuwa la kijivu kama majani yalivyokuwa ya kijivu. Tena rangi ya kijani tulikuwa nayo, mabaki ya madawati ya shule moja. Nikapiga mkono wa kwanza, nikapiga wa pili, nikaridhika.

Ijumaa mchana Fundi Kibwana na mafundi wote wa uchochoro ule walikwenda msikitini. Mimi Mkristo nilibaki kulinda vyombo. Gerezani pakitulia nyundo, masikio yanavuma. Nilikuwa nimeinama napaka taa za mbele niliposikia mtu.

"Hodi hapa."

"Karibu, kaka. Shikamoo."

Alikuwa mwanamume wa makamo, shati la kaki limefifia, miguuni katambuga, zile ndara za tairi. Nazo zilikuwa na matope mekundu, mabichi, yamepanda hadi kwenye vifundo vya miguu. Mvua ilikuwa haijanyesha tangu sijui lini, na ardhi ya Kariakoo ni mchanga wa kijivu. Niliyaona matope yale. Nikafikiri tu, huyu katoka mbali. Niamini, akili haikimbilii mambo ya ajabu. Kwanza inatafuta njia ya kawaida.

Akachuchumaa mbele ya lori. "Hili si la Manilal?"

"Ndilo."

"Mbona la kijani?"

"Gari la jeshi, kaka."

Akacheka, kicheko kizuri cha mtu aliyezoea kuwachekesha wenzake njiani. "Nani kakwambia lilikuwa la jeshi? Liliazimwa lile. Wewe ukiazima khanga ya jirani, unaitia rangi upya?"

"Lilikuwa rangi gani, basi?"

"Bluu. Bluu ya madirisha, na mstari wa njano ubavuni. Lilitoka Dar la bluu, likafika Kagera la bluu, linang'aa kama bibi harusi. Wakubwa wakasema hilo litaonekana toka angani, lipakeni. Rangi iko wapi? Tukachimba udongo, tukaukoroga na maji na kinyesi cha ng'ombe, tukalipaka kwa mikono. Kila asubuhi. Mvua inasafisha, sisi tunapaka."

Nilisahau kabisa kuwa ni mgeni. Nilivuta kigoda nikakaa karibu, maana alikuwa anasema mambo ambayo sijawahi kuyasikia. Kwamba kwenye boneti matope hayakai, joto la injini linayakausha yanabanduka kama magamba ya samaki, kwa hiyo boneti ilikuwa bluu yenye mabaka. Kwamba kwenye kioo waliacha upenyo wa kiganja kimoja tu wa kuonea. Kwamba nyuma ya tairi matope yalikuwa mazito kwa sababu hayo hayakupakwa na mtu, yalipakwa na barabara. Kwamba huwezi kupaka kwa brashi, lazima kwa mkono, kutoka mbele kwenda nyuma, ili michirizi ya vidole ibaki. Alipoinua mkono wa kushoto kunionyesha, niliona hauna kidole cha mwisho.

"Na hapa," akasema akigusa mlango wa dereva chini ya kitasa, "usipake. Kila wakimaliza mimi nafuta kwa gumba, herufi mbili za jina la mwenye gari zionekane. Sefu ananisema kila siku. Nikamwambia, mali ya mtu ikienda ugenini isipotelewe na jina la mwenyewe."

Nikaitazama picha. Kweli, pale chini ya kitasa palikuwa na alama nyeupe. Nilidhani ni mwanga.

Akaokota kijiti, akakwangua katambuga zake, akaweka matope kwenye kifuniko cha kopo la rangi, akanisogezea. "Tumia haya. Ya kwenu hapa mchanga mtupu."

"Kwani kaka, wewe ndiye uliyekuwa ukiliendesha?"

Alilitazama lile lori kama mtu anavyomtazama ng'ombe wake mnadani. Nikainama kuweka kifuniko mahali pasipo na jua, na nilipoinua kichwa sikumkuta. Uchochoro ule ni mrefu, hauna kona ya karibu. Nilitoka, nikatazama huku na huku. Palikuwa na paka mmoja tu amelala. Kwenye mchanga kulikuwa na nyayo zangu na za paka.

Hapo ndipo mwili uliponisisimka. Lakini nitasema kweli: hofu ilikuwa ndogo kuliko ile hamu ya kuanza kazi.

Fundi Kibwana aliporudi alinikuta nakwangua kijani yote kwa kisu.

"We mtu wa Masasi! Umepandwa na nini?"

"Lilikuwa la bluu, fundi."

"Jeshi la wapi lina bluu? La majini? Kagera kuna bahari?"

"Kuna mtu kaja kaniambia."

"Mtu gani?"

"Dereva."

"Kesho linatakiwa hili! Ukikosea, mimi nitatafuta mteja mwingine, lakini wewe wale watoto utawatafuta wapi?"

Aliniuma hapo. Mkono ulisimama. Ningeweza kusema nilikuwa na uhakika, lakini sikuwa nao. Nilikuwa na neno la mtu ambaye hakuacha nyayo, na upande wa pili nilikuwa na kijani ambayo mji mzima ungeniunga mkono. Ila nilifikiri hivi: mtu aliyedanganya hawezi kujua matope yanavyobanduka kwenye boneti. Nikaendelea kukwangua.

Bluu haikuwepo dukani popote. Nilichukua rangi nyeupe iliyobaki, nikaitia bluu ya kufulia nguo, ile ya unga, nikakoroga mpaka ikafanana na madirisha ya mtaa wetu. Fundi Kibwana alinuna, halafu akaninyooshea ule mstari wa njano, kwa kuwa mkono wake haukuweza kuvumilia kuona mstari umepinda. Asubuhi rangi ilipokauka nikapaka matope yale aliyoniachia kwa ncha za vidole, mbele kwenda nyuma, nikaziacha wazi herufi mbili nyeupe chini ya kitasa.

Jumamosi nikaliweka juu ya meza ya Bwana Manilal. Aliliangalia muda mrefu. "Bluu," akasema taratibu. "Nilidhani walilipaka upya. Kumbe walilichukua likabaki langu." Halafu akaita, "Sefu! Njoo."

Sefu akaja akichechemea, nami nikashika ukingo wa meza. Hakuligeuzia kisogo. Alilichukua mikononi, akaligeuza ubavu wa dereva, akaweka gumba lake chini ya kitasa.

"Athumani," akasema. "Nilikuwa namwambia atatuuza kwa hizi herufi." Kisha akanigeukia. "Nani kakwambia hapa hapapakwi?"

"Alikuja mtu jana, kaka. Shati la kaki. Mkono wa kushoto hana kidole cha mwisho."

Akakaa chini sakafuni, palepale. "Athumani tulimzika kwa mikono yetu, dada. Mvua ilikuwa inanyesha. Nyekundu tupu ile ardhi." Akaanza kusema, na hakunyamaza mpaka duka lilipofungwa: barabara, migomba, nyimbo walizoimba, siku yenyewe. Bwana Manilal alisimama muda wote akifuta miwani. Yalikuwa maneno ya kwanza ya Sefu juu ya vita tangu arudi.

Jumapili baba mdogo alifika na mifuko mitupu ya kubebea nguo za watoto. Bwana Manilal alikuja Ilala kwa miguu, pamoja na Sefu, akakaa kwenye mkeka wetu, akamweleza kwamba kazi yangu ni ya mwaka mzima na kwamba mkono kama huu unatosha kulea watoto watatu. Sefu akaongeza, "Mzee, huyu binti hakusema uongo hata pale ambapo uongo ungekubalika." Baba mdogo akanywa chai. Jioni akaondoka peke yake.

Wadogo zangu wote niliwalea mimi, na wote wana watoto sasa. Yale magari kumi na moja niliyamaliza, na mengine mengi baada ya hapo. Mabaki ya matope yale ninayo bado kwenye kifuniko kilekile. Hayajakauka. Mtu asiyeamini namwambia aingize kidole, na wengi hawaingizi.

Nimebaki na tabia moja ambayo watu huiona ya ajabu. Mtu akiniletea picha ya gari la vita, silipaki rangi mpaka nimpate aliyekuwemo. Nimekwenda hadi Kigamboni, hadi Songea, kumuuliza mzee mmoja kama turubai lilikuwa la kijani au la hudhurungi. Kwa hiyo nakuonya na wewe, kama una baba, mjomba au jirani aliyerudi kutoka kule, muulize leo, angali anakula ugali nawe. Muulize hata rangi ya mlango. Usijibu kwa niaba yake kwa lile ambalo kila mtu analijua. Athumani alikuwa mtu mcheshi, alikuja mchana, akapiga hodi. Atakayekuja kusahihisha uongo wako wewe, siwezi kukuahidi kwamba atapiga hodi.