Kila Ijumaa, Muhuri

Pikipiki ilinishusha Endarasha kwenye ukungu, langoni mwa shule ya kutwa ambayo sikuwahi kuiona. Mtu wa kwanza kunipokea alikuwa mwalimu mkuu, Gatimu, aliyekuwa akifunga godoro kwa kamba juu ya pikapu. Nilikuwa nimekuja kukaa juma moja na kuandika juu ya shule yake. Akasema nimechelewa: amehamishiwa Kangari, anaondoka saa nane.

"Lakini kuna mtu lazima nimwone kwanza. Twende."

Tulipanda pikapu na dereva wake, na njiani alinieleza. Kwa miaka sita, kila Ijumaa, alikagua madaftari ya vipindi, ambayo kiranja wa kila darasa hujaza kuonyesha mwalimu gani ameingia. Akisoma, anagonga muhuri, anaenda nyumbani. Darasani hakuingia. Kuketi nyuma ya darasa la mwenzako, alisema, ni kama kufunua sufuria jikoni kwa jirani. Tena Kingori, mwalimu wa kemia, alimzidi umri. Daftari la Kidato cha Nne lilikuwa safi kuliko yote, hata akamsifu kiranja, Ngendo, mbele ya gwaride. Matokeo yakatoka: wanafunzi thelathini na mmoja kati ya arobaini na wanne walipata E ya kemia. Kumbe Kingori aliingia mara moja kwa wiki, na Ngendo alimwekea sahihi za siku zote. Ngendo mwenyewe alitaka uuguzi. Alipata D.

Tulimkuta Ngendo kwenye ghala la viazi, miguuni gambuti, akitenga vikubwa na vidogo pamoja na mama mmoja aitwaye Watiri.

"Ngendo, rudi urudie Kidato cha Nne," Gatimu alisema. "Nimemwachia mwalimu mkuu mpya barua. Nafasi iko."

"Kemia nitafunzwa na nani?"

"Kingori bado yuko."

Watiri akacheka. "Ati arudi kwa huyo huyo? Mwalimu, hata kiazi haipandwi mahali ilioza."

"Ungeniambia tu, Ngendo," Gatimu alisema, bila ukali.

"Nikuambie nini? Mwalimu Kingori alisema nisaini. Na wewe unagonga muhuri kila Ijumaa, na dirisha ya ofisi yako inaangalia darasa yetu. Mimi nilijua unajua."

Gatimu aliokota kiazi kilichobingirika, akakirudisha kwenye lundo.

"Hiyo barua inasema nini?" Ngendo akauliza.

"Kwamba ulikosea kwenye daftari, na umejuta."

"Basi andika ingine. Useme wewe ndio hukuwa unaingia kukagua darasa. Nikirudi, nisiitwe yule msichana alidanganya shule. Ukiandika hivyo, kesho niko hapo na yunifomu."

Gatimu alitoa kalamu mfukoni. Watiri akararua kipande cha gunia la karatasi, akampangusia mchanga, akampa. Gatimu alikiweka juu ya mzani, akaandika tarehe, kwa mwandiko mzuri sana. Hapo dereva wa pikapu akapiga honi mara mbili barabarani.

"Nitaituma nikifika Kangari," akasema. "Niiandike vizuri, kwa karatasi ya maana."

"Sawa, Mwalimu," Ngendo akajibu, kama wanafunzi wajibuvyo wakiulizwa kama wameelewa.

Gatimu akanipa mkono, akapanda mbele kando ya dereva. Nilibaki mlangoni mwa ghala. Pikapu ilipopita alipunga mkono. Watiri peke yake alimpungia. Ngendo alikuwa ameshainamia viazi.